Kanzidata ya mapokezi ya dagaa inakataa stakabadhi mpya ikidai kuwa namba zake tayari zipo

MtunzaDaftari (Pasiansi, Mwanza), Jumatano, saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za kazi. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu juzi.

Ninatunza mfumo mdogo wa kompyuta wa kikundi cha wanunuzi wa dagaa. Mtumbwi unapotua na mzigo kupimwa, karani huandika stakabadhi yenye jina la mwenye mtumbwi, idadi ya ndoo au magunia, uzito, bei na saa. Makarani wa Mwaloni Kirumba huandika moja kwa moja kwenye seva iliyopo ofisini kwetu. Makarani wa visiwani, yaani Ukara na Kome, hutumia vishikwambi vinavyohifadhi stakabadhi ndani yake hadi mtandao upatikane, kisha huzituma zote kwa pamoja, mara nyingi alfajiri. Kanzidata yenyewe inaendeshwa na programu ya PostgreSQL, toleo la 14. Jedwali linaitwa mapokezi, na lina safuwima mbili ambazo haziruhusiwi kujirudia: id, ambayo hutolewa na kanzidata yenyewe, na namba, ambayo ndiyo namba ya stakabadhi anayopewa mvuvi.

Wiki mbili zilizopita umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza mashine ya zamani. Tuliamua kuhamia mashine mpya katika siku za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mwezi ukiwaka na mialo huwa imelala. Nilirejesha nakala rudufu ya usiku, iliyotengenezwa kwa pg_dump, chombo cha PostgreSQL cha kunakilia data. Stakabadhi 41 za siku ya mwisho hazikuwamo katika nakala hiyo, lakini kwa bahati jioni ile nilikuwa nimezitoa katika faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) kwa ajili ya mhasibu, hivyo nikaziingiza kutoka humo. Nilihesabu mistari, ikawa kamili, nikalala kwa amani.

Juzi giza liliporudi na mitumbwi ikaingia ziwani, stakabadhi ya kwanza kabisa pale Kirumba ilikataliwa kwa ujumbe huu, wenye maana kwamba thamani iliyojirudia imevunja sharti la upekee, yaani kanuni inayozuia marudio:

duplicate key value violates unique constraint "mapokezi_pkey"

Maelezo ya chini yake yalisema kuwa id 18301 tayari ipo. Karani, ambaye si mtu wa kukata tamaa, aliendelea kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, na anasema baada ya kubonyeza zaidi ya mara arobaini stakabadhi ikakubalika, na zilizofuata zikaingia bila shida yoyote. Nikadhani yameisha. Alfajiri, kishikwambi cha Ukara kilipotuma mzigo wake wa stakabadhi 63, zote zilikataliwa kwa pamoja, na safari hii ujumbe ulitaja "mapokezi_namba_key".

Maswali yangu ni matatu. Inawezekanaje kanzidata itoe yenyewe namba ambayo tayari imo ndani yake? Je, hitilafu hizi mbili ni moja? Na je, kuna ubaya gani nikiondoa sharti la upekee kwa muda ili mzigo usikwame? Wavuvi wanadai stakabadhi zao zionekane kwenye mfumo, na malipo ni Jumamosi.


FundiNyakato, Jumatano, saa 4:45 usiku

Mkuu, pole sana. Usijitese na jambo dogo. Liondoe sharti la namba usiku huu ili stakabadhi ziingie, ukipata nafasi utalirudisha. Kama hutaki kuliondoa, mwambie mtunza programu aongeze maneno ON CONFLICT DO NOTHING mwishoni mwa amri ya kuingiza, na kanzidata itanyamaza: kilichopo kitabaki, kinachojirudia kitarukwa. Mimi nimeitumia njia hiyo katika duka la vipuri kwa miaka kadhaa na sijawahi kupigiwa simu usiku.


MtunzaDaftari, Jumatano, saa 5:20 usiku

Asante mkuu. Nimeondoa sharti la namba, na stakabadhi 63 za Ukara zimeingia zote. Za Kome pia zimeingia. Nitalirudisha wikendi.


BiJedwali (Musoma), Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Ndugu MtunzaDaftari, nimesoma ujumbe wako asubuhi hii nikasikitika kwamba sikuuona jana. Ninakuomba kabla ya jambo lolote ulirudishe sharti hilo leo, wala usisubiri wikendi. Ninakisia kwamba kanzidata itakataa kulirudisha, kwa sababu haiwezi kuweka sharti la upekee juu ya jedwali ambalo tayari lina marudio. Ikikataa, usiilazimishe, soma kwanza hadi mwisho wa maelezo yangu.

Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine. Hitilafu zako ni mbili tofauti, na kanzidata ilikuambia hivyo kwa kutaja jina la sharti lililovunjwa. Watu wengi wanapouona ujumbe huu husoma maneno ya mwanzo tu, wakaishia hapo, ilhali habari yote iko katika jina lililo ndani ya alama za kunukuu. Ujumbe wa kwanza ulitaja mapokezi_pkey, yaani ufunguo mkuu, ambao namba zake hutolewa na seva yako. Wa pili ulitaja mapokezi_namba_key, yaani namba ya stakabadhi, ambayo hutolewa huko Ukara na programu ya kishikwambi. Watoaji wa namba ni wawili, na kila mmoja amekosea kwa namna yake.

Tuchukue wa kwanza. Katika PostgreSQL, namba za safuwima ya id hazitoki ndani ya jedwali. Hutoka katika kaunta inayojitegemea, ambayo huitwa sikwensi, na kazi yake ni moja tu: ukiiomba namba, inakupa inayofuata na kusonga mbele. Haiangalii jedwali kamwe. Ukiingiza mstari ukiwa umeutajia id yake wewe mwenyewe, kama ulivyofanya kwa faili la CSV, kaunta haiguswi wala haijui kwamba kuna kilichoingia. Nakala ya pg_dump ilirejesha data pamoja na nafasi ya kaunta, na kufikia hapo mambo yalikuwa sawa. Kaunta ilisimama kwenye 18300. Kisha ukamwaga stakabadhi 41 zenye id kuanzia 18301 hadi 18341. Kaunta ikabaki pale pale. Karani alipoandika stakabadhi ya kwanza ya giza, kaunta ikatoa 18301 kwa uaminifu wake wote, na jedwali likakataa.

Sasa angalia kilichotokea karani alipoendelea kubonyeza. Kaunta ikishatoa namba hairudi nyuma, hata kama muamala (amri zinazokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja) umeshindwa, na imeundwa hivyo kwa makusudi ili watu wengi waweze kuomba namba kwa wakati mmoja bila kusubiriana. Kwa hiyo kila kitufe kilichokataliwa kilisogeza kaunta hatua moja. Stakabadhi zilikuwa 41, hivyo ilikataa mara 41, na mara ya 42 ikatoa 18342, ambayo ilikuwa wazi. Karani wako aliirekebisha kaunta kwa kidole. Mpe soda.

Jambo linalonitia wasiwasi ni kwamba jedwali la mapokezi huenda si pekee uliloliingizia CSV. Umesema faili lilikuwa la mhasibu, na mhasibu huhitaji malipo pia. Kama uliingiza malipo kwa njia hiyo hiyo, kaunta ya malipo bado imelala, na utaligundua hilo Jumamosi mbele ya foleni ya wavuvi. Tazama kaunta zote kwa pamoja:

SELECT sequencename, last_value FROM pg_sequences;

Linganisha kila moja na id kubwa kuliko zote katika jedwali lake. Pale ambapo kaunta iko nyuma, isogeze hivi:

SELECT setval(pg_get_serial_sequence('malipo', 'id'), (SELECT max(id) FROM malipo));

Fanya hivyo wakati hakuna mtu anayeandika, kwa kuwa mtu akiingiza mstari kati ya kusomwa kwa id kubwa na kusogezwa kwa kaunta, utakuwa umeirudisha kaunta nyuma tena. Pia kumbuka kwamba setval haitenguliwi na ROLLBACK, amri ya kutengua muamala. Ukikosea namba, imeshakosewa, na itabidi uisogeze upya.

Nije kwenye la pili, ambalo ndilo zito. Ukara mna vishikwambi vingapi? Wewe umeandika kimoja, lakini ninashuku kuwa viko viwili. Ninashuku pia kwamba programu hutafuta namba kubwa iliyomo ndani ya kishikwambi, ikaongeza moja, na kuiita hiyo namba mpya ya stakabadhi. Njia hiyo hufanya kazi kishikwambi kikiwa kimoja. Vikiwa viwili, na vyote vimekosa mtandao, kila kimoja kinaona namba ya mwisho ni ile ile, na kila kimoja kinatoa inayofuata kikiamini kwamba kiko peke yake duniani. Namba inayofanana inakwenda kwa mitumbwi miwili tofauti. Hata ndani ya seva moja njia hii si salama, kwa maana miamala miwili inayoendeshwa kwa wakati mmoja inaweza kusoma namba kubwa ile ile kabla ya yeyote kati yake kuhifadhi.

Sababu ya stakabadhi zote 63 kukataliwa kwa pamoja ni kwamba zilitumwa katika muamala mmoja. Mstari mmoja ukivunja sharti, muamala mzima unavunjika, na ujumbe unakutajia mstari wa kwanza tu uliogonga. Haimaanishi kwamba zote 63 zilikuwa na kasoro. Pengine ni mbili au tatu tu.

Kuhusu ushauri wa Ndugu FundiNyakato, sitaki kumvunjia heshima, kwa kuwa ON CONFLICT ni chombo kizuri na kimekuwamo katika PostgreSQL tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016. Hata hivyo, maneno DO NOTHING hayaulizi kama mstari unaorukwa ni ule ule uliokwisha kuingia au ni mwingine uliovaa namba yake. Mtumbwi wa pili wenye namba inayofanana ungerukwa kimyakimya: mvuvi ana karatasi mkononi, mzani ulipima, dagaa wamekwisha anikwa, na kwenye vitabu vyenu hayupo. Kuondoa sharti nako kuna hatari ya upande wa pili, kwani stakabadhi iliyotumwa mara mbili itahesabiwa mara mbili na kulipwa mara mbili.

Fanya hivi leo. Tafuta namba zilizojirudia:

SELECT namba, count(*) FROM mapokezi GROUP BY namba HAVING count(*) > 1;

Kisha kwa kila namba tazama mistari yake yote kando kwa kando. Mahali ambapo mtumbwi, uzito na saa vinafanana hadi sekunde, hiyo ni stakabadhi moja iliyotumwa mara mbili. Mahali ambapo mtumbwi au uzito unatofautiana, hizo ni stakabadhi mbili halali, na hakuna amri ya kompyuta itakayokuambia ipi ibaki na namba. Utahitaji vishina vya karatasi.


Kasia_Bukoba, Alhamisi, saa 3 asubuhi

Nashukuru kwa maelezo haya, Dada BiJedwali. Mimi natumia MySQL, programu nyingine ya kanzidata, na nilipohamishiwa mradi mmoja wa PostgreSQL nilinaswa na kaunta hii hii, kwa sababu MySQL ina tabia tofauti: ukiingiza id kubwa kwa mkono kwenye safuwima ya AUTO_INCREMENT (inayojipa namba yenyewe), kaunta yake hujisogeza yenyewe hadi juu ya hiyo uliyoingiza. Nilizoea kubebwa. Kwa wanaotafuta msaada kwa upande huo, hitilafu ya marudio katika MySQL huonekana kwa namba 1062, na katika PostgreSQL kwa msimbo 23505. Programu yenu itazame misimbo hiyo badala ya kusoma maneno ya ujumbe, ambayo yanaweza kubadilika kulingana na lugha iliyowekwa.

Nina swali moja. Niliwahi kusoma kwamba kuhamia mashine yenye mfumo endeshi mpya kunaweza kuharibu faharasa za maandishi (orodha zilizopangwa ambazo kanzidata hutafutia), na hivyo kuruhusu marudio kupenya hata sharti likiwepo. Je, haiwezi kuwa hiyo?


BiJedwali, Alhamisi, saa 3:25 asubuhi

Inawezekana kwa wengine, ila si kwake. Jambo hilo hutokea pale mtu anaponakili mafaili ya kanzidata yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine, na mashine mpya ina kanuni tofauti za kupanga herufi. Mabadiliko yanayotajwa sana ni yale ya glibc, maktaba ya mfumo endeshi wa Linux, toleo la 2.28, ya mwaka 2018. Faharasa iliyopangwa kwa kanuni za zamani inasomwa kwa kanuni mpya, ikashindwa kuona kilichomo. Dawa yake ni REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya. Anayerejesha kwa pg_dump hujengewa faharasa upya, hivyo yuko salama.


MtunzaDaftari, Alhamisi, saa 11:50 jioni

Bi BiJedwali, shikamoo, maana kwa namna ulivyoona mambo ya ofisini kwetu ukiwa Musoma, sina budi kukuamkia.

Ni kweli Ukara kuna vishikwambi viwili. Cha pili nilikipeleka mwenyewe katika siku zile zile za mbalamwezi, kwa kuwa makarani walilalamika kwamba usiku wa giza nene foleni kwenye mzani huwa ndefu. Sikukitaja kwa sababu sikuona kinahusiana vipi na hitilafu. Programu inatafuta namba kubwa na kuongeza moja, kama ulivyokisia.

Ni kweli pia kwamba jedwali la malipo niliingiza kwa CSV. Kaunta yake ilikuwa nyuma kwa hatua 26. Nimeisogeza mchana, makarani wakiwa wamekwenda kula.

Kanzidata ilikataa kurudisha sharti, kama ulivyotabiri. Namba zilizojirudia zilikuwa 9. Kati ya hizo, 6 zilifanana kila kitu: kumbe mtandao wa Ukara ulikatika baada ya seva kupokea lakini kabla ya kishikwambi kupata jibu, na kishikwambi kikatuma tena kikidhani hakijasikika. Zilizobaki 3 zilikuwa za mitumbwi tofauti. Nilimpigia karani simu akasoma vishina, na zote ni stakabadhi halali zenye mzigo halali. Moja kati yake ilikuwa ya ndoo 38. Kama ningeweka DO NOTHING mapema, mwenye mtumbwi huo angefika Jumamosi na karatasi yake akaambiwa hayumo.

Kabla sijafuta chochote, nina maswali mawili. Kwanza, nifute vipi zile 6 bila kugusa hizi 3? Pili, nikibadilisha mpango wa namba, mkaguzi wetu husisitiza kwamba namba za stakabadhi zisiwe na pengo, na tayari ameshaniuliza kwa nini id imeruka kutoka 18341 kwenda mbele bila mpangilio baada ya usiku ule. Nimeshindwa kumjibu kwa lugha anayoielewa.


BiJedwali, Alhamisi, saa 2 usiku

Marahaba, ingawa sijazeeka kiasi hicho.

Kufuta, anza kwa nakala rudufu mpya, kisha fungua muamala kwa BEGIN na utumie amri inayodai kila kitu kifanane, si namba pekee:

DELETE FROM mapokezi a USING mapokezi b WHERE a.namba = b.namba AND a.mtumbwi = b.mtumbwi AND a.uzito = b.uzito AND a.saa = b.saa AND a.id > b.id;

Mstari wenye id ndogo utabaki. Kanzidata itakujibu imefuta mistari mingapi. Ikisema 6, andika COMMIT ili kuthibitisha, na ikisema idadi nyingine yoyote, andika ROLLBACK na utafute sababu. Ujue pia kwamba alama ya usawa haioni mahali palipo patupu: kama safuwima ya uzito haikujazwa katika mistari yote miwili, PostgreSQL haitahesabu kwamba inafanana, na mstari hautafutwa. Afadhali ikosee upande huo.

Kuhusu mkaguzi, nadhani mnazungumzia vitu viwili mkiviita jina moja. Safuwima ya id ni ya kanzidata. Ni alama ya kuutambua mstari, na mapengo ndani yake ni ya kawaida kabisa, kwa sababu namba iliyotolewa kwa muamala ulioshindwa haitolewi tena. Usimwonyeshe mkaguzi id, usiichapishe kwenye karatasi, wala usimpe mtu sababu ya kuihesabu. Namba ya stakabadhi ndiyo ya mkaguzi, na hiyo ni haki yake kudai isiwe na pengo.

Ukitaka kumweleza, mkumbushe vitabu vya stakabadhi vya karatasi. Kabla ya vishikwambi, kila karani alikuwa na kitabu chake chenye namba zilizokwisha kuchapishwa kiwandani. Makarani wawili wa Ukara hawakuandika katika kitabu kimoja, na hakuna aliyekaa akijiuliza mwenzake amefikia namba ngapi. Kitabu kilikuwa na mfululizo wake, na stakabadhi ilitambulika kwa namba ya kitabu pamoja na namba ya karatasi. Mlipohamia kwenye vishikwambi mliwanyang'anya makarani vitabu vyao viwili na kuwapa kimoja cha kufikirika, halafu mkawatenganisha kwa maji.

Virudisheni vitabu. Kila kishikwambi kipewe msimbo wake, tuseme U1 na U2 kwa Ukara, K1 kwa Kome, na kihesabu stakabadhi zake chenyewe kuanzia 1. Ongeza safuwima ya kifaa katika jedwali, mistari yote ya zamani uipe msimbo mmoja usiotumika kwingine, kisha sharti la upekee liwe juu ya safuwima mbili kwa pamoja:

ALTER TABLE mapokezi ADD CONSTRAINT mapokezi_kifaa_namba_key UNIQUE (kifaa, namba);

Hakikisha safuwima zote mbili zimewekewa NOT NULL, yaani zisiruhusiwe kuwa tupu. Sharti la upekee katika PostgreSQL huruhusu mistari mingi yenye mahali patupu, kwa kuwa patupu pawili hapahesabiwi kuwa sawa. Tangu toleo la 15 unaweza kulibadilisha hilo kwa maneno NULLS NOT DISTINCT, lakini toleo lako ni la 14, na hata hivyo stakabadhi isiyo na kifaa haina maana. Katika kila moja ya zile namba 3, stakabadhi iliyotoka kishikwambi cha pili uipe msimbo wa kishikwambi hicho, na sharti litakubali bila kumlazimu mvuvi yeyote kubadilishiwa karatasi.

Wengine watakushauri utumie UUID, zile namba ndefu za biti 128 ambazo kifaa chochote kinaweza kujitengenezea bila kugongana na kingine. Ni njia sahihi kitaalamu, na kwa id ya ndani sina pingamizi nayo. Ila stakabadhi ya dagaa husomwa kwa sauti kwenye simu, katika upepo, na mtu aliyekesha ziwani. U2-118 inasomeka.

Sasa ndipo ON CONFLICT inapopata kazi yake ya halali, kwa sababu kishikwambi kitaendelea kutuma mara mbili kila mtandao unapokatika katikati. Andika amri ya kuingiza ikiwa na ON CONFLICT (kifaa, namba) DO NOTHING RETURNING kifaa, namba. RETURNING itakurudishia mistari iliyoingia kweli tu. Ile ambayo haikurudi ndiyo iliyogonga. Programu ilinganishe yaliyomo na mstari uliopo, na vikifanana ikijibu kishikwambi kuwa stakabadhi imepokelewa. Visipofanana, iuweke mstari katika jedwali la pembeni, liite migongano, ili mtu auangalie asubuhi. Kwa mpango huo stakabadhi moja mbovu haitazuia 62 nzuri.


FundiNyakato, Alhamisi, saa 3 usiku

Nimekubali, Bi. Dukani kwangu kompyuta ni moja na muuzaji ni mmoja, kwa hiyo kila marudio yalikuwa ni kubonyeza mara mbili, na DO NOTHING ilitosha. Sikufikiria visiwa. Ila kesho nitapitia rekodi zangu za wateja, kwani naona mteja mmoja yumo mara tatu: mara moja kwa 0 mwanzoni mwa namba ya simu, mara moja kwa 255, na mara moja kwa alama ya kujumlisha. Sharti la upekee lipo na halijawahi kulalamika.


BiJedwali, Alhamisi, saa 3:10 usiku

Haliwezi kulalamika, mkuu, kwa kuwa kwake hayo ni maandishi matatu tofauti. Sharti hulinganisha herufi kwa herufi, na nafasi moja iliyosahaulika mwishoni inatosha kulipita. Geuza namba zote ziwe za umbo moja kabla hazijahifadhiwa, ndipo sharti litakusaidia.


MtunzaDaftari, Jumapili, saa 10 jioni

Ninaleta mrejesho. Mistari 6 imefutwa, sharti jipya la safuwima mbili limewekwa, na malipo ya jana yamepita bila stakabadhi yoyote kukosekana. Mwenye ndoo 38 alilipwa na hakujua kwamba kulikuwa na mjadala juu yake. Programu mpya imewekwa kwenye vishikwambi vyote vitatu, na nyuma ya kila kimoja nimeandika msimbo wake kwa rangi ya mafuta, ile wanayopakia majina ya mitumbwi. Usiku wa kuamkia leo Ukara walituma stakabadhi 71, zikiwamo 4 zilizotumwa mara mbili. Zote 4 zimetambuliwa na jedwali la migongano ni tupu.

Mkaguzi ameelewa mfano wa vitabu papo hapo, na akauliza swali ambalo mimi sikuwa na jibu lake. Kishikwambi kikidondoka ziwani, na kipya kikipelekwa mahali pake, kipewe msimbo wa kile kilichozama?


Kasia_Bukoba, Jumapili, saa 11 jioni

Nadhani kianze na msimbo ule ule, ila mfululizo uendelee kutoka namba ya mwisho iliyofika kwenye seva.


BiJedwali, Jumapili, saa 12:15 jioni

Hapana, Ndugu Kasia. Namba ya mwisho iliyofika kwenye seva si lazima iwe ya mwisho iliyotolewa. Kishikwambi kinaweza kuzama kikiwa na stakabadhi 20 ambazo hazijatumwa, na karatasi zake tayari ziko mifukoni mwa wavuvi. Kipya kikiendelea kutoka pale seva ilipofikia, kitazitoa namba hizo hizo 20 kwa watu wengine, na wenye karatasi za mwanzo wakija kuandikishwa kwa mkono watakuta nafasi zao zimekaliwa. Kipya kiwe U3. Msimbo U2 ufungwe, na stakabadhi zilizozama ziingizwe chini yake kadiri karatasi zinavyoletwa, kama mlivyokuwa mkifanya kitabu kikilowa.